Jioni ya Taa na Ulimi wa Mama

Mama yangu alikuwa na mdomo. Nasema hivyo kwa fahari. Pale Dunda, mtaani kwetu Bagamoyo, muuza samaki aliyethubutu kumletea samaki aliyelala aliondoka amesikia habari za samaki wake, za ndoo yake na za mama mkwe wake. Sisi watoto tulitukanwa kwa ufundi, hata leo tukikumbushana tunacheka. Kisha baba akafariki, mama akakaa eda. Eda ilipokwisha akatolewa, akaogeshwa, akavishwa kanga mpya, lakini ulimi wake haukutoka naye. Ukimwambia chochote anajibu, "Sawa, mwanangu." Chai haina sukari, sawa. Mjukuu kavunja birika, sawa.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na ile sawa ilinichosha kuliko kilio. Kilio nakijua. Kila Ijumaa nilitoka Mapinga, nilikojenga, kuja kumtazama, na kila nikirudi nilihisi kama tumezika watu wawili.

Idd ile mji ulikuwa na sherehe ya taa. Vijana walichangishana, wakazungushia taa za rangi miarobaini yote ya uwanjani, wakapita na kipaza sauti kutangaza kwamba zitawashwa Idd pili, tukishaswali isha, na hakuna kiingilio. Nikamwambia mama twende. Nilijiandaa kubishana naye, hoja zangu zote nimezipanga. Akasema, "Sawa, mwanangu," akachukua baibui lake. Nilitamani akatae.

Uwanja ulifurika. Kaswida zilikuwa zinapigwa, kashata zinauzwa, ubuyu umeshawapaka watoto midomo na mashati ya sikukuu, na mabinti wamejaa hina hadi viwikoni. Napenda vitu vya bure, sioni haya kusema, kwa hiyo tuliwahi nafasi nzuri, karibu na karai la mihogo la jirani yetu, mwanamke wa Kinyamwezi.

Huyo jirani ni mtani wetu. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi tunataniana tangu enzi za mababu, na mtani hanuniwi hata akikutania msibani. Siku tuliyomzika baba alivaa koti la marehemu na kofia yake, akapita katikati ya wanawake waliokuwa wakilia, akiuliza mbona chai imechelewa, kwa sauti ya baba hasa. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Mama peke yake hakucheka. Tangu siku hiyo jirani alikuwa akimchokoza kila alipokuja kumjulia hali, na hakujibiwa hata mara moja. Naamini ilimuuma. Utani wa upande mmoja ni matusi tu.

Basi mshereheshaji akatuhesabisha kutoka kumi kushuka. Tulihesabu uwanja mzima, wazee kwa watoto. Tulipofika moja, jenereta likakohoa, likazimika, na hata zile balbu chache zilizokuwa zikituangazia zikafa. Giza tupu. Watu wakaguna.

"Nilijua tu," jirani akasema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Mzaramo huyu kajifungia ndani miezi yote. Leo kutoka tu, kaja na giza lake."

 Mimi niliona kapitiliza, nikafungua mdomo nimwambie amwache mama yangu. Nikahisi mkono wa mama ukinisogeza pembeni, kama mtu anayesogeza pazia.

"We Mnyamwezi," mama akasema. "Babu yako alishusha mzigo hapa Bagamoyo, akaomba apumzike kidogo tu, kisha arudi kwao Tabora. Mpaka leo wajukuu mnapumzika. Mihogo yetu mmeikaanga, kaka zetu wamewaoa, sasa mnataka na taa? Ziwake, muonekane mlivyo wengi?"

Watu wakaangua kicheko.  Jirani aliacha mihogo ikiungua, akamkumbatia mama kwa mikono yake ya mafuta, akawa anarudia, "Mtani wangu jamani, mtani wangu," naye mama anamwambia amwachie, ananuka karai na baibui ni jipya.

Hapo jenereta likakubali. Taa ziliwaka mti baada ya mti, nyekundu, kijani, buluu, na vigelegele vikapigwa uwanja mzima. Wanasema zilipendeza sana. Mimi sikuziona vizuri, maana nilikuwa nalia kwa sauti, mtu mzima mwenye watoto sekondari.

Mama akanigeukia.

"Na wewe unalilia nini, umekunja uso kama kitumbua kilichokosa hamira? Watu wanakutazama."

Sikuwa nimetukanwa tangu baba afe. Nikamwomba arudie.