Ugomvi wa Bwawani

Harufu ya gunia lililoloa hunirudisha kijijini Gakindu bila kuniuliza. Juzi hapa Ruring'u mvua ilinyeshea magunia nje ya duka la jirani, nami nikasimama pale kama mjinga.

Sisi watu wa mlimani, niwaambie ukweli, maji tunayajua ya kwenye ndoo. Kijijini kwetu hakuna aliyejua kuogelea. Hata hivyo kulikuwa na bwawa la kumwagilia kahawa, na likizo ya Desemba tulishindana humo kwa vyelezo vya migomba: vigogo vitatu vilivyofungwa pamoja, ufito katikati, na gunia kuukuu likawa tanga. Nahodha wetu alikuwa mdogo wangu Wambui, kwa kuwa alikuwa na miaka saba na wepesi wa kuku. Mimi, dada mkubwa wa miaka kumi, nilibaki ukingoni na kamba ndefu ya kumvuta akikwama. Hiyo ilikuwa amri ya Mama.

Watoto wa jirani walikuwa wametushinda mara mbili. Nikajiambia ni kamba inayotuchelewesha. Nikaifungua kwenye chelezo, na Wambui sikumwambia.

Lo, alivyokwenda! Tulishinda, nikarukaruka na kuwazomea wenzetu, na bado nilikuwa narukaruka alipopita mstari wa mwisho akaelekea katikati ya bwawa. Huko upepo ukakoma. Ufito ukaanguka, chelezo kikalala upande, na Wambui akaanza kuinuka huku analia, na kila alipoinuka chelezo kilitaka kupinduka.

"Wangari, vuta!"

Kamba yote nilikuwa nayo mkononi, ncha zote mbili.

Wachuma kahawa walikuja mbio, wakafika ukingoni, wakasimama. Wanaume wazima walishika vichwa. Mmoja alikimbia kuleta mti mrefu, mwingine akaanza kuomba kwa sauti. Mama akafika na aproni yake. Akatazama maji, akatazama kamba mikononi mwangu. Kisha akafoka.

"Wambui! Kaa chini unijibu! Sukari ya kwa mkebe ni nani alimaliza?"

Watu waligeuka kumwangalia. Mimi nilimchukia, nawaambia bila aibu. Mtoto anazama, yeye anauliza sukari!

Sasa Wambui alikuwa hawezi kusingiziwa akanyamaza, hata kanisani. Akaketi, akajifuta kamasi.

"Si mimi! Ni Wangari! Alikuwa anailamba na kidole!"

Ilikuwa kweli, na kijiji kizima kikasikia.

"Uongo! Na ndama ni nani alimfungulia?"

"Ati ndama? Mimi nilikuwa shule!"

Waligombana hivyo mpaka sauti ya Mama ikakwaruza, kuhusu kikombe kilichovunjika, kuhusu soksi, kuhusu nani hukojoa kitandani. Jioni upepo ukaamka tena ukasukuma chelezo hadi kwenye matete, na wanaume wakamvuta kwa ule mti. Hapo ndipo Mama alipokaa chini kwenye matope, akashindwa kuinuka.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kichekesho cha mama mkali. Habari ya kamba Mama hakuwahi kuniuliza.

Mwaka huu Mama amelazwa. Wiki iliyopita pumzi ilimwishia, akawa anahangaika na kung'ang'ania kushuka kitandani, nesi akitusihi tumtulize. Mimi nilishika shuka tu. Nilikuwa na miaka kumi tena, sina la kufanya. Wambui akavuta kiti, akamsogelea sikioni na kufoka mpaka wodi nzima ikageuka.

"Mama! Tulia unijibu! Sukari ya kwa mkebe ni nani alimaliza?"

Ndipo nilipoelewa, nikiwa na mvi zangu, kwamba siku ile Mama hakuwa anagomba. Alikuwa anamshikilia Wambui chini kwa kitu pekee kilichoweza kumfikia.

Mama aliacha kuhangaika. Alifumbua macho, akanitafuta, akanipata.

"Wangari," alisema.

Nililia, nikakubali: la sukari, na la kamba pia.