Reli ya Kufuli Ilipofika Ukutani

Baba mkubwa wangu anaitwa Kufuli, na hilo jina hakupewa na mtu mmoja, kapewa na mtaa mzima. Kwanza ni fundi wa kufuli. Pili haongei. Ukimsalimia anaitikia, ukimuuliza habari anasema nzuri, ukijaribu swali la tatu unakuta unaongea na mgongo.

Kibanda chake kiko pembeni ya soko. Mbele yake jiliwa la kubania vyuma, mkono wa kulia tupa za kila saizi, juu ya kichwa funguo zimetungwa kwenye waya. Upepo ukipiga, zile funguo zinaongea kuliko mwenyewe. Mtu akijifungia nje anamkimbilia. Anakuja na mfuko wake, anainama, dakika chache mlango huo umefunguka. Hakuna anayemwambia karibu ukae. Na wewe fikiria, umesimama kwenye korido na taulo tu na povu masikioni, huyo aliyekufungulia unataka aondoke haraka sana. Basi anaondoka. Anarudi kwake, anapika chakula cha mtu mmoja, anakila amesimama.

Kwake na kwetu ni nyumba moja. Ilikuwa ya bibi: vyumba vimezunguka ua, ua mmoja mpana. Sasa hivi katikati ya ua kuna ukuta, na ukuta huo aliujenga baba yangu mzazi, ambaye ni mwashi na ni mdogo wake Kufuli wa tumbo moja.

Ilikuwa hivi. Bibi alipofariki, Kufuli alifunga chumba cha marehemu kwa kufuli alilolichonga mwenyewe, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kibandani. Hakumwambia mtu kitu. Baba akataka kuingia achukue picha ya mama yake. Angeweza kutembea mpaka sokoni akaomba ufunguo, sokoni penyewe si mbali. Akachukua mtaimbo. Jioni Kufuli anarudi anakuta mlango unaning'inia na kufuli lake liko chini limepinda. Akaliokota. Akaligeuza geuza. Akaingia chumbani kwake.

Mama huwa anasema, "Angetukana tu, yangeisha siku ile ile. Sasa yeye akanyamaza, na baba yako ukimnyamazia ni kama umemzaba kofi."

Baba akaleta tofali. Ukuta ukapanda. Tangu hapo wakikutana njiani kila mmoja anakuwa na haraka ghafla.

Mimi ugomvi wao niliukataa. Nikitaka kumwona baba mkubwa nazunguka kwa barabara, napiga hodi mlango wake wa mbele. Huo mlango nao! Makufuli matatu kwa ndani, la juu, la kati, la chini, unasikia yanafunguliwa moja moja mpaka unasahau ulichofuata. Na lile la chini ndilo lile lile la chumba cha bibi. Alilinyoosha akalipachika. Kuna siku nilimuuliza, "Baba mkubwa, wewe fundi mzima, hili bovu la nini?" Akasema, "Linafunga." Basi.

Sasa siku moja nipo karakana kwetu, tunakata fremu za madirisha ya alumini, naona Kufuli kasimama mlangoni. Hajawahi kunifuata kazini hata mara moja. Nikajua kuna msiba.

"Mna vipande vyembamba mnavyotupa?"

"Vipo. Vya nini?"

"Reli."

"Reli gani?"

"Ya treni."

Nikamwangalia kama ana homa. Kumbe hana. Alikuwa ameitwa na mteja anayehama amfungulie sanduku la chuma lililopotelewa na ufunguo. Kulifungua, ndani kuna treni. Siyo kile kitoto cha plastiki cha kuzunguka mguu wa meza. Kichwa chake ni kirefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko, kizito, magurudumu makubwa yamejipanga kwa mstari, na mabehewa mawili nyuma. Inatumia betri. Imetengenezwa ikimbie nje, bustanini, juani. Yule mteja akasema chukua wewe, reli zake sijui ziko wapi, mimi sina hata pa kuiweka. Kufuli akaibeba kifuani mpaka nyumbani, kama mtoto aliyelala.

Na reli za kununua aliuliza bei, akacheka. Yaani alicheka kweli, mimi nilikuwepo. Akaamua kuzitengeneza.

Sijawahi kuona mtu anafanya kazi vile. Alichukua chaga za kitanda kibovu akazikatakata vibao vidogo, vile vinavyolala chini ya reli, yeye anaviita mataruma. Akaviloweka kwenye oili chafu ya gereji visiliwe na mchwa. Kila kimoja akakipiga msumeno mara mbili, mikato miwili, na vile vipande vyangu vya alumini akavisimamisha humo kwa ubavu. Ili njia isibanane mahali na kupanuka mahali, akachonga kipimo: kipande cha chuma chenye meno mawili, kakipiga tupa kama anavyopiga ufunguo, anakilaza juu ya reli, kikiingia bila kulazimishwa anasogea, kikigoma anang'oa anaanza upya. Mwanzo aliziunganisha reli kichwa kwa kichwa, hazina nafasi. Jua la mchana likazitanua zikainuka juu kama zinataka kuondoka. Hakulalamika. Akazing'oa zote, akapanga tena, kila maungio akichomeka wembe katikati kisha anautoa, pabaki pa kupumulia.

Jioni nikitoka kazini napita kumwona. Amepiga magoti kwenye vumbi, jasho linadondoka kwenye kokoto, na anaongea. Naapa. Anaiambia reli, "Njoo. Njoo kidogo. Hapo hapo." Miaka yote hiyo sikujua ana sauti ya hivyo.

Shida ikaja kwenye kona.

Alitaka duara. Treni ianze pale mlangoni kwake, izunguke, irudi yenyewe. Sasa ile injini na magurudumu yake marefu haitaki kona kali, inataka kona ya taratibu, pana. Na ua wake ni nusu ua. Akiikunja njia ipite kabla ya ukuta, treni inakuja vizuri, inafika hapo, inapanda reli, inalala ubavu. Akaiinua reli ya nje. Ikalala. Akapunguza mwendo. Ikalala polepole.

Mimi nikamwambia, "Baba mkubwa, hii kona inataka upande wa kwetu."

Akaendelea kufuta vumbi kwenye magurudumu.

"Unasikia? Mwambie baba atoboe. Matundu mawili, la kutokea na la kurudia."

"Aliyebomoa ndiye anaanza kusema," akajibu. Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuniambia.

Nikaenda upande wa pili, baba anakunywa chai. Nikamweleza. Akasema, "Aje aniombe."

"Na yeye anasema wewe uanze."

"Basi tutazeeka."

"Mmeshazeeka!" nikamwambia. Mama akanikata jicho nikatoka nje kabla sijaongeza.

Kufuli akaing'oa ile kona. Akaweka njia moja tu iliyonyooka, kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye ukuta. Kila jioni anawasha. Sisi upande wetu tunasikia: treni inakuja, ta-ta-ta-ta kwenye maungio, inakaribia, inakaribia, inasimama. Kimya. Halafu inarudi kinyumenyume, ta-ta-ta-ta, mpaka inapotea. Ni kama mtu anayekuja mlangoni kwako, anainua mkono apige hodi, anajifikiria, anaenda zake. Kila jioni. Baba alikuwa anaongeza sauti ya redio. Mama anaipunguza.

Mimi siku moja nilitoka kazini nimeshachokozwa na bosi, nafika, nakaa, naisikia ile treni inakuja, inasimama. Damu ikanipanda. Nikachukua nyundo ya baba na tindo, nikapiga magoti, nikaanza kuutwanga ukuta kule chini. Vipande vinaruka.

Baba akatoka mbio. "Wewe! Wewe una wazimu?"

"Natoboa!"

"Unatoboa nini hivyo? Unapasua tofali zima! Huoni ufa unavyopanda? Unapiga kama unaua nyoka!"

"Basi nionyeshe!"

Akaninyang'anya nyundo. Nilidhani atanizaba nayo. Akainama, akaangalia ule uchafu niliofanya, akasonya. Mtu wa kazi hawezi kuona kazi mbovu akalala, ndivyo alivyo. Akaanza kutoa udongo kwenye maungio, taratibu, tofali likatoka zima. Mwanga wa upande wa pili ukaingia, na ndani ya huo mwanga nikaona magoti ya baba mkubwa. Alikuwa amekaa chini, palepale, hajasogea.

Baba akaweka lenta ndogo ya nondo juu ya tundu, akapiga lipu, akalainisha kingo kwa mwiko mpaka ukipitisha kidole hakikwami. Kesho yake akatoboa la pili. Siku iliyofuata, ardhini kwetu, akamwaga zege jembamba kwa umbo la upinde kutoka tundu hadi tundu, akapima na pimamaji mara tatu. Nani alimwambia kona iwe na upana gani? Hakuna. Aliangalia tu mahali reli inapoishia kule.

Jioni yake, kwenye tundu la kwanza ukatokea mkono. Umeshika taruma. Ukaliweka chini, ukarudi. Ukaleta lingine. Kisha reli, zimeshapindwa tayari. Mwisho kabisa ukaleta kile kipimo cha meno mawili, na hicho haukukiweka chini. Ukabaki umenyooshwa, umekishika, mpaka baba akakipokea.

Nikasema moyoni, haya, sasa wataongea. Thubutu! Baba alipanga, akapima, akapigilia, akakirudisha kipimo kwa njia ile ile. Halafu treni ikaja. Ikatokeza kichwa kwenye tundu, ikazunguka kona yetu bila kuyumba, mabehewa mawili nyuma yake yanatikisika, ikaingia tundu la pili ikaenda. Kwetu ilikaa muda wa mtu kumeza chai mara mbili. Mama akapiga makofi. Baba akasema lipu ya juu haijakauka vizuri.

Ikawa hivyo miezi. Baba akahamisha kigoda chake kutoka barazani akakiweka pale kwenye kona. Eti hapo kuna kivuli. Jioni hakuna kivuli popote, jua lenyewe limeshaondoka, lakini sawa. Treni inapita, anaiangalia, inaondoka. Mara nyingine anaondoa jani kwenye reli. Na upande wa pili, najua kwa sababu nilikuwa napita, mwingine amekaa kwenye kigoda chake, anasubiri irudi. Ilipokuwa kwetu alikuwa anageuza sikio. Wazee wawili, ukuta mmoja, na kidude cha chuma ndicho kinachotembea kwa niaba yao. Mimi ilikuwa inaniuma kuliko mwanzo. Bora mwanzo walikuwa na hasira. Sasa walikuwa na ratiba.

Juzi treni haikuja.

Baba alikaa. Akasafisha reli kwa kitambaa. Akainama akachungulia kwenye tundu. "Kwani leo kuna nini?"

"Labda amechelewa kibandani," nikasema.

"Funguo zake nimezisikia zikiingia mchana."

Kumbe alikuwa anasikiliza mpaka funguo. Jana nayo haikuja. Baba hakugusa chai. Jioni ya leo, kimya tena, nikasimama nikabeba mtaimbo.

"Unaenda wapi na hiyo kitu?"

"Kwa baba mkubwa. Mtu anaishi peke yake, baba! Kama kaanguka humo ndani na makufuli matatu?"

Akaninyang'anya mtaimbo akausimamisha ukutani. Akavaa shati. Akazunguka kwa barabara, mimi nyuma yake, mpaka mlango wa mbele ambao hajausogelea tangu ajenge ukuta. Akasimama. Akainua mkono. Nikafikiri atarudi kinyumenyume.

Akapiga hodi.

Akapiga tena. Ndani kigoda kikaburuzwa.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Baba akanigeukia kama nina jibu. "Mimi wa upande wa pili."

Ile sauti ilikuwa nzima, haina ugonjwa. Nilitamani kumtukana kwa furaha.

"Treni iko wapi?" baba akauliza mlango.

"Chaja imeungua."

"Sasa si ungesema?"

"Ningesema kwa nani?"

Baba aliinama. Aliweka kiganja kwenye mbao za mlango, chini kabisa, usawa wa lile kufuli. "Kaka," akasema. "Naomba ufungue."

La juu likalia. La kati likalia. Tukasubiri la chini. Tunasikia ufunguo unaingia, unagoma, unatoka, unaingia tena.

"Linasumbua," akasema Kufuli kule ndani. "Lilipigwa."

"Najua," akasema baba. "Lifungue taratibu tu. Sina haraka."