Nilisema Hakuna Chuma Chini ya Mchanga

Nimekosa, na kosa langu halina pa kulipeleka. Nimelipeleka kwa wazee, nimelipeleka kwa mwenyewe niliyemkosea, kote nimerudi nalo. Sasa nawaletea ninyi msionijua, labda mtanisikiliza mpaka mwisho.

Kwa neno moja nililolisema mbele za watu, mama mmoja mjane alipoteza shamba. Sikumpiga, sikumtukana, wala sikula rushwa ya mtu. Nilisema tu "hakuna". Na wakati nalisema nilijua sina uhakika.

Natoka wilaya ya Tarime, kijiji ambacho mashamba yake ya chini yanaishia Mto Mara. Sitakitaja. Huyo mama nitamwita Mama Ghati, marehemu mumewe nitamwita Mwita, na shemeji yake nitamwita Marwa. Majina hayo huku yamejaa kila boma, hamtajua ni akina nani.

Mimi nina mashine ya kutafutia chuma. Ile yenye mpini mrefu na sahani chini, unaipitisha juu ya ardhi, ikikuta chuma inalia. Niliipata kwa binamu yangu wa upande wa Kenya, maana ukoo wetu mpaka umeupita katikati. Wengi huku wanazitaka kwa ajili ya dhahabu. Mimi dhahabu sijawahi kuipata hata ya kuziba jino, lakini niliwahi kuokota ufunguo wa pikipiki ya mtu uliopotea mchangani, na pete ya ndoa ya mke wa mwalimu. Basi wakaniita Daktari wa Ardhi. Nikalipenda hilo jina, siwafichi. Nikipita sokoni nasikia "Daktari, Daktari", natembea kifua mbele kama jogoo.

Sasa sikilizeni hili, kwa sababu hapa ndipo uongo wangu ulipo.

Siku ya kunikabidhi mashine, binamu alinipeleka ufukweni mwa ziwa tukaijaribu kwenye mchanga mkavu. Tulifukia sarafu. Kwenye kina cha kiganja ililia vizuri, ilipozidi shibiri ikanyamaza. Tukafukia panga, likasikika mpaka kina cha kiwiko. Tukafukia sufuria kuukuu, ikasikika mpaka gotini. Kisha tukachimba shimo la kufika pajani, tukaiweka ile sufuria chini, tukafukia. Nikapitisha mashine mara kumi. Kimya kabisa, na sufuria tunajua iko chini ya miguu yetu.

Binamu akacheka. "Hii kitu si ati ni mganga, bro. Ikinyamaza usiseme hakuna kitu. Sema yenyewe haijaona."

Nilimwelewa. Kwa hiyo msiseme nilikuwa mjinga.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mwita na Marwa waligawana shamba la baba yao. Ili wasije kugombana, walifukia kwenye kona ya chini, karibu na mto, chuma cha plau, kile kipana kinachogeuza udongo, mbele ya wazee wawili. Mama Ghati ndiye aliyekibeba kichwani kutoka nyumbani. Baadaye mto ulifurika zaidi ya mara moja, ukaleta mchanga, ukafunika kona yote pamoja na mkonge uliokuwa umepandwa mpakani. Wale wazee wawili walishafariki. Mwita naye akafariki.

Malori ya kununua mchanga yalipoanza kufika kijijini, Marwa akasema mpaka haujawahi kuwa kule chini. Akasema uko huku juu, kwenye mawe. Maana yake eneo lote la chini, lenye unyevu, ambalo Mama Ghati alikuwa analima viazi na mahindi ya kulisha watoto, ni lake Marwa. Mama angebaki na mawe.

Wazee wakaitisha ritongo, mkutano wetu wa kijiji wa kusikiliza mambo kama hayo. Mama Ghati aliruhusiwa kusema. Alisimama akasema chuma kipo, ncha yake imevunjika upande wa kushoto, na Mwita alikifunga waya kabla ya kukifukia. Wakajaribu kuchimba, lakini mti aliokuwa anautumia kukumbuka mahali ulishaondoka na maji. Eneo lilikuwa kubwa kama kiwanja cha nyumba, na mchanga ulikuwa unarudi shimoni. Mtu mmoja akasema, "Si tunaye Daktari?"

Nilikuja na mashine yangu begani. Kijiji kizima kilikuwa pale, na wengine walitoka ng'ambo ya pili kuja kuangalia.

Nikaiwasha. Ikaanza kulia hata kabla sijapiga hatua. Mchanga wa mto wetu una ule mchanga mweusi wanaoujua wachimbaji, una chuma chuma ndani yake, na ulikuwa bado na maji. Mashine ililia kila mahali, kama mbuzi wanaosukumwa kwenye josho. Watu wakaanza kucheka. Mmoja akauliza, "Daktari, leo mgonjwa ni wewe?"

Kuna kitufe cha kupunguza usikivu wake. Nikakipunguza. Ikaendelea kulia. Nikapunguza tena, na tena, mpaka ikatulia. Kufika hapo nadhani isingesikia hata panga likiwa kina cha kiganja. Hakuna aliyejua kitufe hicho kinafanya nini isipokuwa mimi.

Nikatembea polepole, uso nimeukunja, huku na huku, eneo lote. Haikulia. Mzee mkubwa wa ritongo akaniuliza, "Mura, kijana wetu, unasemaje?"

Ningeweza kusema, "Tata, baba yangu, mashine hii haifiki chini." Maneno hayo yalikuwa mdomoni. Nikawatazama wale watu, nikaona jina langu linakwenda na maji, nikasema, "Hakuna chuma hapa."

Mama Ghati hakulia. Alinitazama tu, akasema, "Pitisha tena, mwanangu."

Nikapitisha tena, bila kukigusa kile kitufe.

Wazee wakaamua hakuna mpaka kule chini. Tena wakamwonya yule mama kwa kumsingizia marehemu. Haukupita muda, Marwa akawapa watu wa mchanga lile eneo. Mama Ghati akachukua watoto na vyombo vyake, akaenda kwa kaka yake Ringwani, wilaya ya Serengeti.

Laiti kosa langu lingeishia hapo!

Siku moja nilikuwa kule chini kwenye malori, nimekwenda kumwona rafiki yangu anayepakia. Nikasikia koleo limegonga kitu. Kijana aliyekuwa shimoni, mchanga umemfika kifuani, akainua chuma cha plau. Kimekula kutu, lakini ncha ya kushoto haipo, na waya bado umeking'ang'ania. Akakirusha pembeni akaendelea na kazi yake.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka pale. Nikajiambia nitakwenda kwa wazee kesho. Kesho yake nikajiambia Jumapili baada ya kanisa. Jumapili nikaona watu wananisalimia vizuri, nikaahirisha. Nilipokuja kupata moyo zilishapita wiki mbili, na wanunuzi wa skrepa walishapita na baiskeli zao wakakichukua pamoja na mabati mabovu. Hata pale kilipokuwa pamebaki dimbwi, kona yote imeshachukuliwa na malori.

Nilikwenda kwa mzee mkubwa hata hivyo. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamweleza yote, kitufe, ufukwe wa ziwa, kila kitu. Alinisikiliza kwa utulivu. Kisha akauliza, "Hicho chuma kiko wapi?"

"Wamekiuza skrepa, tata."

"Yule kijana aliyekichimba?"

"Alikuja na malori. Ameshaondoka."

Akatikisa kichwa. "Basi una maneno, mura. Yule mama naye alikuja na maneno tu, na wewe ndiye uliyetuambia maneno hayatoshi."

Nikamwomba aitishe ritongo upya. Akasema shamba limeshakuwa shimo, atawaita watu waje kugawana maji? Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka.

Nikaenda Ringwani. Nilimkuta Mama Ghati uani kwa kaka yake anapepeta mtama. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Nikasema yote bila kupumzika, maana nilijua nikipumzika nitapunguza mahali.

Ungo ulisimama mikononi mwake. "Kwa hiyo kilikuwepo."

"Kilikuwepo, mama. Na waya wake."

Akauweka ungo chini. Kisha akasema, "Unajua, nilishaanza kujiuliza kama kweli nilikibeba. Watu wote walisema hakuna, na mashine ikasema hakuna. Nikawa nafikiri labda ni uchungu wa Mwita umenivuruga kichwa. Hata watoto niliwaambia labda nilikosea."

Hilo sikulitegemea. Nilikwenda nikijua nimemnyang'anya shamba. Sikujua nilimfanya asijiamini hata yeye mwenyewe. Nililia pale pale mbele ya kaka yake, mtu mzima mimi, nikamwambia aniambie la kufanya, lolote lile.

Akanitazama kama siku ile mtoni. "Sasa habari hiyo niipeleke wapi, mwanangu?"

Akaingia ndani akaniletea uji kwenye kikombe, kwa sababu mgeni ni mgeni, akaendelea na mtama wake.

Nyumbani bado wananiita Daktari. Nikikataa wanadhani najishusha.

Ndugu zangu, nawaomba kitu kimoja tu. Siku mkiulizwa jambo msilolijua, na watu wote wamewakazia macho, semeni hamjui. Mimi wangenicheka, najua, na kicheko chao kingeisha kabla hawajafika makwao. Yule mama bado anapepeta mtama uani kwa watu.