Mapigo Kumi na Sita

Fundi piano alikuwa hapigi; alikuwa anatengeneza tu. Kwa zaidi ya miaka thelathini aliingia shuleni, kwenye kumbi na majumbani mwa watu na kisanduku chake cha vifaa, akakaza nyuzi zilizolegea, akajaribu sauti mbili tatu, akafunga kifuniko na kwenda zake. Ukimwomba wimbo, alikujibu kwamba fundi cherehani haombwi kucheza harusini.

Lakini enzi zake, akiwa kijana wa koti jeupe, alipiga piano kwenye bendi ya hoteli kubwa. Ulikuwa ule muziki wa taratibu, wa kuwasindikiza wageni wenye bilauri za vinywaji vya kuchanganya, watu wanaotaka kusikia bila kusikiliza. Mkewe alikuwa dobi wa hoteli hiyohiyo. Bendi ilirekodi sahani moja tu ya santuri, na siku hiyo mpiga filimbi hakuonekana. Mkewe alikuwa amekuja kuleta makoti.

"Wewe si unapiga mluzi kutwa nzima ukipiga pasi?" wakamwambia. "Haya, tupigie."

Akasimama na koti mkononi, akapiga mluzi mahali pa filimbi, mapigo kumi na sita, kisha akarudi kwenye pasi zake. Kwenye jalada waliandikwa wanaume sita. Yeye hakuandikwa, na wala hakulalamika. Alichokataa ni sahani ile kupigwa nyumbani. Alisema akijisikia anaona aibu, basi ikakaa juu ya kabati mpaka binti yao akakua na kuolewa.

Siku walipomzika mkewe, waombolezaji walipokwisha kutawanyika, mzee aliishusha ile sahani ili amsikie tena. Mkono uliteleza. Sindano ikaanguka, ikaburuzika na kukwaruza. Akazima, akairudisha juu ya kabati, na kwa miaka kumi na tisa hakuigusa. Aliogopa kujua ameharibu wapi. Majuto ni mjukuu, na wake alikaa naye nyumba moja.

Ndipo walipokuja vijana watano waliojitia kuufufua muziki ule. Walivaa tai za kipepeo mchana wa jua kali. Kufa na tai shingoni wao walikuelewa kihalisi. Kiongozi wao, msichana mpiga saksafoni, alimwita mzee atengeneze piano yao, na waliposikia ana ile sahani wakamwomba mpaka akalainika. Nakala nyingine haikujulikana iliko. Makoti yao meupe walimpa binti wa mzee, fundi wa kushona, ayashone.

Baada ya miezi miwili wakamwalika mazoezini. Bintiye naye alikuwepo, amepiga magoti nyuma ya mpiga besi, pini mdomoni, akimpunguzia koti.

Walianza. Mzee akafumba macho, vidole vikimchezacheza gotini. Vijana walikuwa wameshika kila kitu, hata mpiga ngoma alivyokuwa akichelewa kidogo. Wakafika mahali piano inapotulia kuipisha filimbi, na wote watano wakaruka kwa pamoja, safi kabisa, mpaka pale piano inaporudi.

Mzee akafumbua macho. "Rudieni."

Wakarudia. Wakaruka tena.

"Hapo ndipo palipotutoa jasho, mzee wetu," alisema kiongozi kwa fahari. "Wiki tatu nzima! Nani angefikiria kukata wimbo namna ile?"

"Hakuna aliyefikiria," alisema. "Nimeukata mimi. Ni mkwaruzo huo, mwanangu."

Kiongozi akaishusha saksafoni yake. "Palikuwa na nini?"

"Mke wangu."

Akawasimulia. Kiongozi akamwomba awaonyeshe ile sauti, wairudishe kabla ya onyesho la Jumamosi. Mzee akakaa kwenye piano. Mikono ilikwenda yenyewe, lakini ilikwenda kwenye kazi yake ya siku ile: kumsindikiza mkewe. Hicho ndicho alichokijua. Alikumbuka koti mkononi mwake, alikumbuka midomo yake, na wimbo wenyewe haukuja. Akajaribu kupiga mluzi. Meno ya bandia yakatoa upepo mtupu. Akayatoa, akayafutika mfukoni, akajaribu tena, ikawa vibaya zaidi. Hakuna aliyecheka.

"Basi," alisema. "Nimempoteza mara mbili, na mara ya pili ni kwa mkono wangu mwenyewe."

Bintiye alikuwa ameacha kushona.

"Baba," alisema, akitoa pini mdomoni moja moja na kuzichomeka kwenye ukosi wake, "hebu piga tena hivyo ulivyopiga sasa hivi."

"Ili iweje?"

"We piga tu, baba."

Akapiga. Binti akasikiliza, akainamisha kichwa, kisha akaingia na mluzi, mwembamba na usio na haraka. Ulipanda pale mzee alipodhani utashuka, ukakaa juu kidogo, ukarudi. Mikono ya mzee iliutambua kabla yake. Alihesabu kimoyomoyo, na kwenye la kumi na sita ukaisha.

"Huu si wimbo wa mama wa pasi?" aliuliza binti. "Alikuwa akiupiga kila siku. Mimi nikajua ni wa kwake tu."

Mzee hakuiondoa mikono kwenye piano. Machozi yalikuwa yakimdondokea vidoleni, naye hakuyafuta.

"Tena," alisema. "Tena, mama."