Kaseti ya Kumbikumbi

Nyanya yangu, tuliyemwita Kukhu kwa Kiluhya chetu, alikuwa na maneno mengi kuliko redio. Ukimuaga mlangoni, angekusindikiza kwa maneno mpaka ufike barabara ya Mumias, na bado hajamaliza. Leo ningetoa chochote nisikie sentensi yake moja tu, hata ya kunigombeza.

Kaseti ninayo. Niliirekodi mwenyewe miaka ya tisini, likizo ya Aprili, kwa redio ya baba. Nilikuwa kidato cha pili, najiona msomi. Mchana huo Kukhu aliniita kichuguuni, nyuma ya shamba la miwa. Alikuwa amekifunika kwa majani ya ndizi na blanketi kuukuu, akaacha mwanya mmoja unaoingia kwenye sufuria aliyoifukia. Akalaza ubao chini, akaanza kuugonga kwa vijiti viwili, polepole, halafu kwa kasi, kama matone yanavyoanza juu ya bati.

Jua lilikuwa kali. Wingu halikuwapo hata la dawa. Lakini waliokuwa chini walisikia mvua, wakaamini, wakatoka. Kumbikumbi mmoja, kumi, kisha wasiohesabika, mabawa yakimetameta, wakimiminika sufuriani. Nilipigwa na bumbuwazi. Yaani mwanamke mzee, miguu mitupu, amenyesha mvua kwa vijiti viwili. Sijawahi tena kujiona mdogo namna ile na bado nikafurahi.

Anayeita kumbikumbi haongei, ndiyo sheria ya kwetu. Ukiongea, wanarudi ndani. Basi kaseti karibu yote ni ko-ko-ko ya vijiti. Msomi mzima, nikaenda kumrekodi Kukhu saa ile moja ambayo hasemi! Alifariki mwaka uliofuata, nikiwa shuleni. Nimemkosa sana. Huwa naisikiliza nikitega sikio, labda alikohoa, labda aliguna.

Karibu na mwisho vijiti vinatulia. Sufuria ilikuwa imejaa, sheria imekwisha, ruhusa ya kuongea imerudi. Kukhu anavuta pumzi. "Mjukuu wangu," anaanza, na sauti ni yake kabisa, nzito, yenye kicheko ndani. Papo hapo msichana mwenye kiherehere anamkatiza: "Shh, Kukhu, nyamaza kwanza, narekodi."

Akanyamaza. Mpaka leo sijui alitaka kuniambia nini.