Koplo Mahmudi na Mwanafunzi Wake

Mahmudi Badi alikuwa koplo katika kikosi cha miavuli kilichopiga kambi karibu na uwanja wa ndege wa Kismayo, na katika kikosi kizima Mbajuni alikuwa yeye peke yake. Baba yake, fundi wa mashua kisiwani Koyama, hakuwahi kuelewa kwa nini mwanawe ajitupe kutoka angani kwa ajili ya riziki. Lakini mwaka wa sabini na sita, habari zilipofika kisiwani kwamba Mahmudi amechaguliwa kwenda Mogadishu kusomea ukufunzi wa kuruka, mzee huyohuyo alichinja mbuzi.

Kuruka, Mahmudi alikuwa amekubuhu. Kufundisha ndiko kulikomtoa jasho. Kozi ilitaka mtu asimame mbele za watu, aeleze jambo kwa Kisomali kilichonyooka, aone kosa la mwenziwe na alirekebishe bila kumvunja moyo. Basi akawa anajizoeza popote. Jioni akirudi nyumbani alimsimamisha mkewe, Mwanalima, juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Miguu pamoja! Magoti yalegee! Usiangalie chini!"

Mwanalima aliruka huku ameshika leso isimdondoke, akicheka hadi machozi. "Mchu mzima, mtu na akili zangu, naruka kinu! Majirani watasema umeniroga."

Kapteni Sheikhan, mkuu wake, aliona kinu hakitoshi. Akampa mwanafunzi wa kweli: Abdulqadir, askari mpya, mtoto wa wafugaji wa ng'ombe wa Afmadow. Kijana huyo hakuwahi kuiona bahari mpaka alipojiandikisha jeshini. Ndege haikumtisha hata kidogo. Bahari ndiyo iliyomnyima usingizi.

"Nikianguka juu ya nchi kavu, naijua," alimwambia Mahmudi. "Ile bahari siijui tabia yake."

Mahmudi akaamua kuanzia hapohapo. Kabla ya kumfundisha kutoka mlangoni mwa ndege, alimpeleka penye maji ya kina cha kiuno, akamtia mkono chini ya tumbo kama anavyofunzwa mtoto kuogelea, akamwambia apige miguu. Abdulqadir alimeza maji, akatapika, akaapa harudi tena. Kesho yake akarudi. Hata nyumbani alizoea kuingia, na siku Mwanalima alipomwekea samaki, kitu ambacho kwao hakiliwi, alifumba macho akamla, halafu akaomba mwingine.

Somo lililomshughulisha Mahmudi zaidi ni la kuangukia majini. Askari akibebwa na upepo hadi baharini, sharti ajifungue kwenye mikanda ya mwavuli ili kitambaa kisimfunike. Lakini asijifungue mapema. Mtu aliye juu huyaona maji yako karibu, kumbe bado yuko mbali nayo, kwa sababu baharini hakuna mti wala nyumba ya kupimia.

"Unafungua lini?" Mahmudi alimuuliza, mara ngapi sijui.

"Miguu ikishalowa, mwalimu."

"Macho yakikwambia umefika?"

"Siyaamini."

Wiki ya mwisho kabla ya safari ya Mogadishu, wakaruka pamoja. Ilikuwa asubuhi. Mlangoni Abdulqadir aligeuka, akamwonyesha mwalimu wake meno yote, akatoka. Mahmudi akamfuata. Miavuli yote miwili ilifunguka vizuri, na kwa kitambo Mahmudi alijisikia mkufunzi kamili. Ndipo umande, ule upepo wa bara wa asubuhi, ulipokaza kuliko walivyopima chini, ukawasukuma kuelekea baharini. Mahmudi angeweza kuvuta kamba akashuka mchangani. Hakuvuta. Aliuacha upepo umchukue kulekule alikochukuliwa kijana.

Akamwona chini yake, ametulia, mikono kwenye mikanda. "Bado!" alipaza sauti. "Bado! Bado!" Upepo ukaila sauti yake. Abdulqadir aliyatazama maji, akayaona yako nyayoni. Akafungua. Alianguka kutoka juu kama kwenye mnara wa msikiti, na mwavuli wake ukaenda zake mtupu.

Mahmudi alijifungua miguu ilipogusa maji, akapiga mbizi, akampata. Aliogelea naye hadi pwani akiwa amembana kifuani, akisema naye njia nzima. Alipomlaza mchangani, wenzake waliokuja mbio hawakuthubutu kumwambia anyamaze.

Walimzika Kismayo siku ileile. Kisha Mahmudi akaomba ruhusa, akapanda lori kwenda Afmadow kwa mama wa marehemu. Hakutaka aambiwe na mtu mwingine. Mama alimsikiliza amekaa juu ya mkeka. Mwisho akauliza swali moja.

"Maji yale, mwanangu, ni ya baridi?"

"Hapana, mama. Maji yetu ni ya vuguvugu."

Hapo ndipo yule mama alipolia, na Mahmudi akalia naye.

Aliporudi kambini, Kapteni Sheikhan alimwita. "Ndege ya Mogadishu inaondoka Jumamosi. Ajali haina wa kulaumiwa. Nenda."

"Nikisimama mbele yao, afande, nitawaambia nini?"

"Utawaambia ulichomwambia yeye."

"Nilimwambia. Alikisikia chote. Nipe mwaka mmoja."

Kapteni akamtuma mwingine. Mwaka ulipotimia, vita vya Ogaden vilikuwa vimeanza, ndege zikapelekwa huko, na habari za kozi hazikusikika tena. Mahmudi akawekwa ghalani kukunja miavuli isiyorukiwa na mtu. Usiku Mwanalima alimsikia akisema Kisomali usingizini, sauti ya taratibu, ya mtu anayeeleza. Hakumwamsha.

Alitoka jeshini na cheo chake kilekile cha koplo, akarudi Koyama kuchonga mbao na baba yake. Watu wakimuuliza habari za kuruka, aliwasimulia bila kinyongo, jinsi dunia inavyonyamaza mwavuli ukishafunguka. Wakimuuliza kama aliwahi kufundisha, alijibu, "Mmoja," akainama tena kwenye ubao wake.