Kiti cha Marehemu Neculai

Mwalimu Profira Rusnac alistaafu mwezi Juni, na kufikia Septemba ndiye aliyekuwa akifungua mlango wa kituo cha familia cha kijiji chetu, Valea Nucului, kila siku saa saba mchana. Kituo ni vyumba viwili vya iliyokuwa zahanati. Watoto ambao wazazi wao wako Italia au Ujerumani hunywa supu hapo na kufanya kazi za shule, na bibi zao hupata mtu wa kuwajazia fomu. Mimi huandika mahudhurio. Katika miaka sita tangu hapo Profira amekosa siku kumi na moja, na tisa kati ya hizo ni za msiba wa mumewe, Neculai.

Mtoto mmoja hakuwa kwenye daftari langu. Ni Ilinca wa darasa la pili, aliyelelewa na babu yake, fundi seremala Trifan, huku mama yake akiuguza mzee wa watu huko Padova, Italia. Ilinca hakujua kusoma. Shuleni walishasema: asipoweza kusoma ukurasa mmoja ifikapo Mei, atarudia darasa.

Profira alikwenda kwa Trifan mara nne.

"Mjukuu wangu si yatima," Trifan alisema, amesimama mlangoni. "Supu tunayo. Sadaka wapelekee wenye njaa."

"Nani kataja supu, kaka Trifan? Nimekuja kwa habari ya kusoma."

"Leo kusoma, kesho viatu vya mitumba. Nakujua wewe."

Februari Neculai alitimiza mwaka tangu afariki. Siku kama hiyo wafiwa hutoa vitu kwa ajili ya roho ya mtu wao: kikombe, blanketi, mwenye uwezo hata meza. Kitu hicho hakikataliwi, maana ukikikataa umemkataa marehemu. Na sharti kitumike, kwa sababu kikilala bure huku, naye kule hana cha kutumia.

Baada ya ibada Profira alivuka uwanja wa kanisa amebeba kiti, mkate wa mviringo na mshumaa vimefungwa kwenye egemeo lake. Agafia, dada wa marehemu, alikwisha kunyoosha mikono. Profira akampita, akasimama mbele ya Ilinca.

"Pokea, mwanangu, kwa roho ya Neculai."

Mtoto akamtazama babu yake.

"Mungu amrehemu," Trifan akasema, kwani hakuna neno jingine la kusema hapo, akakishika kiti.

"Ila kinakaa kituoni," Profira akaongeza. "Mbele ya ubao."

"Umenitega, mwanamke."

"Nimekupa. Kama unataka mume wangu asimame milele kwa miguu yake ile mibovu, mtajuana wewe na yeye."

"Na mimi niliyemfulia soksi miaka yote?" Agafia akauliza, kwa sauti ya kumfikia padri madhabahuni. Watu wakacheka, hata Trifan kidogo.

Jumatatu, saa saba na dakika ishirini, niliandika jina la Ilinca. Babu alikuja naye, eti kukagua kiti. Akakipindua, akasema aliyekiunda angefaa zaidi kuchunga bata, na kesho yake akarudi na gundi. Supu hakuigusa mpaka Machi, na hata hapo alisema haina chumvi.

Wengine nao wakaanza kuleta vitu vya marehemu wao. Sasa tuna viti tisa na kabati moja, kila kimoja na jina chini yake, na watoto hugombana nani akalie bibi Domnica.

Mwezi Mei Ilinca alisoma ukurasa wake. Alikwama mara mbili, lakini akavuka kwenda darasa la tatu. Trifan alileta habari hiyo mwenyewe, kofia mkononi. Profira alikuwa akimenya viazi.

"Vizuri," akasema. "Sasa hesabu."

"Hesabu anajua."

"Anajua mpaka ishirini, kaka Trifan."

Trifan akavuta ndoo ya viazi karibu, akatoa kisu chake mfukoni.